Magazeti na Mauaji ya Zamani: Je, Kilichoandikwa Ndicho Kilichotendeka?

Mara nyingi tumeulizwa na wazee na vijana neno hili: habari iliyopigwa chapa gazetini zamani, je, yatosha kuwa ushahidi juu ya mtu aliyeua au aliyeuawa? Swali hili si la wanachuoni peke yao. Lilitufikia sisi waalimu katika kijiji kimoja cha bonde la mto Pangani, na lilikuja pamoja na machozi.

Kijana mmoja alitaka kumwoa binti wa mlango mwingine. Mahari ilikwisha kusemwa, na siku ya kutangazwa kanisani ilikuwa karibu. Ndipo mjomba wa binti alipotoa sandukuni kipande cha gazeti, kimegeuka rangi kama jani la mgomba lililokauka, akasema mbele ya baraza: "Babu yake huyu kijana ndiye aliyemwua ndugu yetu. Someni, imeandikwa." Walio wengi hawakusoma. Waliiona karatasi, wakaliona jina, wakanyamaza. Tukaombwa sisi tuisome na kutoa shauri. Tuliomba tupewe siku saba, kwani neno la damu halijibiwi kwa haraka. Na haya tuyaandikayo hapa ndiyo tuliyoyafikiri katika siku zile saba.

Kwanza tutazame desturi ya mahakama. Sheria ya ushahidi iliyotumika Tanganyika wakati wa Waingereza ilikuwa ile iliyotungwa kwa Bara Hindi mwaka 1872. Tanzania ilipojitungia Sheria yake ya Ushahidi mwaka 1967, kanuni ilibaki ile ile: asemaye kwamba jambo lilionekana, awe ameliona yeye mwenyewe; asemaye kwamba lilisikiwa, awe amelisikia kwa masikio yake. Kwa sababu hiyo mtu hawezi kusimama mbele ya hakimu, akainua gazeti na kusema, "Huyu ni mwuaji, maana imeandikwa." Hakimu atauliza, "Aliyeandika alikuwapo? Na kama alikuwapo, yuko wapi tumwulize?"

Lakini mwandishi wa historia hana raha ya hakimu. Mashahidi wake wamelala makaburini. Hawezi kuwaita, wala kuwaapisha, wala kuwauliza swali la pili. Hapana budi atumie karatasi zilizobaki, na magazeti ni baadhi yake. Basi hatuwezi kuyatupa. Yatupasa tujifunze kuyauliza, kama vile mzee wa baraza amwulizavyo shahidi. Kwa kulieleza jambo hili tutachukua mifano miwili ya kweli, mmoja wa mauaji yaliyoandikwa nayo hayakuwapo, na wa pili wa mauaji yaliyokuwapo lakini yakaandikwa pamoja na uongo.

Mfano wa kwanza ni wa Daktari David Livingstone. Alitoka Unguja mwezi wa Machi mwaka 1866, akashuka pwani ya kusini karibu na mto Ruvuma, akashika njia ya bara. Katika watu wake walikuwamo watu wa kisiwa cha Nzwani, na mkubwa wao aliitwa Musa. Mwezi wa Septemba, walipokuwa upande wa kusini wa Ziwa Nyasa, watu hao waliogopa habari za vita vya Wamazitu, ndio Wangoni, wakamwacha bwana wao wakarudi. Mwezi wa Desemba walifika Unguja, wakaenda kwa Balozi wa Kiingereza, wakasema: Daktari ameuawa. Musa alisimulia kila kitu. Wamazitu waliwatokea ghafula. Daktari alipigwa shoka la shingo kwa nyuma, akaanguka. Yeye Musa alijificha nyuma ya mti, na adui walipokwisha kuondoka akarudi na wenzake wakamzika bwana wao.

Balozi Seward aliwahoji. Daktari Kirk, aliyepata kusafiri na Livingstone katika mto Zambezi, naye alisikiliza, akaandika barua Ulaya akieleza jinsi alivyokufa rafiki yake. Siku zile hapakuwa na simu ya baharini, kwani waya wa simu ulifika Unguja mwaka 1879. Basi habari ilikwenda kwa merikebu. Mwezi wa Machi mwaka 1867 magazeti ya London yalitangaza kifo hicho, nayo magazeti ya miji mingine yakanakili. Watu walivaa nguo za msiba. Gazeti moja, mawili, kumi, yote yalisema neno moja: shoka, shingo, mti, kaburi.

Lakini alikuwako mtu mmoja aliyetia shaka. Bwana E. D. Young naye alikuwa katika ile safari ya Zambezi, akamjua Musa tangu zamani, wala hakumwamini. Mwaka huo huo wa 1867 alitumwa akatafute hakika. Alikwenda na mashua ya chuma iliyoweza kufunguliwa vipande vipande, wapagazi wakaichukua vichwani kupita maporomoko ya mto Shire, kisha ikaunganishwa tena ikaingia ziwani. Kila alipofika aliwauliza wenyeji. Wakamweleza sura ya yule Mzungu, na mavazi yake, na njia aliyoifuata. Hata mbele ya mahali pale ambapo Musa alisema amezikwa, watu walisema, "Alipita hapa, mzima, akaenda zake." Baadaye barua za Livingstone mwenyewe zikafika pwani. Alikufa kweli tarehe 1 Mei mwaka 1873, katika kijiji cha Chitambo, kwa maradhi wala si kwa shoka. Nao Susi na Chuma na wenzao wakauchukua mwili wake mpaka Bagamoyo mwaka 1874.

Tuyatazame mambo matatu katika habari hii. La kwanza, magazeti yalikuwa mengi lakini shahidi alikuwa mmoja. Maneno yote yalitoka katika kinywa cha Musa, na wenzake walifuata nyayo zake. Chemchemi ikiwa na tope, hata ukichota kwa mitungi mia, yote ni tope. La pili, habari ndogo ndogo, kama shoka na mti, si alama ya kweli. Msikilizaji husema moyoni, "Asiyeona angejuaje kwamba ni shoka?" Na mwongo hodari anajua kwamba tutasema hivyo. La tatu, Musa alikuwa na sababu. Mtu amwachaye bwana wake njiani hana haki ya ujira. Lakini mtu ambaye bwana wake ameuawa, yeye akamzika, hurudi kudai mshahara wake kwa heshima. Nao waliudai.

Wala tusidhani kwamba magazeti hukosa kwa kuamini tu. Bwana Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871 na kuleta habari mwaka uliofuata, walikuwako Waingereza walioandika magazetini kwamba ni uongo, na barua alizozileta ni za kughushi, mpaka jamaa za Livingstone walipoutambua mwandiko wake. Hivyo mauaji yasiyokuwapo yaliaminiwa, na uzima uliokuwapo ulikataliwa, kwa miaka mitano tu katikati.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi, kwa kuwa damu ilimwagika kweli. Karl Peters ndiye yule Mjerumani aliyepita Saadani mwaka 1884 kwenda bara kutafuta sahihi za machifu. Mwaka 1891 serikali yake ilimweka kuwa mkubwa wa nchi ya Kilimanjaro, akakaa Marangu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo alimnyonga mtumishi wake, kijana aliyeitwa Mabruk. Mwezi wa Januari mwaka 1892 alimnyonga mwanamke wa Kichaga aliyeitwa Jagodja, ambaye alikuwa ametolewa na chifu akae kituoni. Mwanamke huyo alikimbia, akakamatwa, akapigwa, hatimaye akatiwa kitanzi. Peters aliandika kwamba kijana alikuwa mwizi, na mwanamke alikuwa na shauri moja na adui. Wengine walisema kwamba sababu hasa ilikuwa wivu, kwa kuwa kijana alishukiwa kwenda kwa wanawake wa Peters.

Habari zilishuka kutoka mlimani mpaka pwani, na kutoka pwani zikafika Ulaya, lakini kwa miaka kadhaa hazikuleta hukumu. Mwezi wa Machi mwaka 1896, Bwana August Bebel alisimama katika Bunge la Ujerumani akamshitaki Peters mbele ya watu wote. Pamoja na mambo mengine alisema iko barua ambayo Peters alimwandikia Askofu Tucker wa misioni ya Kiingereza, akikiri kwamba alimnyonga mwanamke kwa kuwa alikuwa mkewe kwa desturi ya nchi, naye amezini. Magazeti yaliishika barua hiyo kama papa ashikavyo chambo. Ilisomwa, ilichapwa, ilitukanwa katika kila mji. Kisha Askofu Tucker akakana: hakupata kuandikiwa barua ya namna hiyo. Wala barua yenyewe haikuonekana hata leo.

Hapo rafiki za Peters walipiga kelele za furaha. Walisema: mwaona, barua ni ya uongo, basi mashitaka yote ni ya uongo. Je, ni kweli? Hata kidogo. Barua ilikuwa ya uongo, lakini vitanzi vilikuwa vya kweli. Peters mwenyewe hakukana kwamba amewanyonga Mabruk na Jagodja. Alisema tu kwamba alikuwa na haki. Mwaka 1897 baraza la nidhamu la serikali ya Ujerumani liliyachunguza mambo haya, likamwondoa katika utumishi. Lakini hakushitakiwa kamwe katika mahakama ya jinai kwa kosa la kuua. Mwaka 1905 Kaizari Wilhelm wa Pili alimrudishia jina la cheo chake. Mwaka 1907 alimpeleka mahakamani mjini München mtengenezaji wa gazeti aliyemwita mwuaji, naye mtengenezaji huyo ndiye aliyetozwa faini. Peters alikufa mwaka 1918. Na mwaka 1937 Hitler akaifuta ile hukumu ya zamani, kana kwamba damu huoshwa kwa kalamu.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yana mafunzo mawili yanayovutana, na mtu akishika moja na kuacha la pili atapotea. Funzo la kwanza: uongo mmoja gazetini haufanyi habari nzima kuwa uongo. Mchele wenye chuya hautupwi, hupepetwa. Funzo la pili: mtu aongezaye uongo katika kesi ya haki humpa mwovu mlango wa kutokea. Bebel alitaka haki, wala hatusemi kwamba alibuni barua ile yeye mwenyewe. Lakini alitangaza asichokuwa nacho mkononi, na kwa miaka mingi watu walibishana juu ya barua isiyokuwapo, badala ya kuwakumbuka watu wawili waliokuwapo.

Hapo ndipo tufikapo penye neno zito kuliko yote. Waliosema katika magazeti ni nani? Alisema Peters, alisema Bebel, alisema Askofu, walisema mawakili na watengenezaji. Mama yake Jagodja hakuulizwa. Rafiki za Mabruk, waliolala naye chumba kimoja na kula naye sahani moja, magazeti hayakuwatafuta wasimulie yao. Wazee wetu wa pwani husema, asiyekuwapo na lake halipo. Gazeti laweza kuwa na kweli katika kila mstari, na bado likawa shahidi mbovu, kwa sababu limewasikiliza wa upande mmoja.

Sisi watu wa Tanga tunazo sababu za pekee za kulijua hili. Kabla ya Vita Kuu iliyoanza mwaka 1914, mji wetu mmoja ulikuwa na magazeti ya namna mbili. Shule ya serikali ya Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, ilitoa gazeti la Kiswahili liitwalo Kiongozi, na waalimu na makarani wa miji mingi walilipelekea habari. Na walowezi walikuwa na gazeti lao la Kijerumani, Usambara-Post. Yote mawili yalitoka Tanga, mvua moja ikiyanyeshea. Lakini mlowezi alimwandikia mlowezi mwenziwe juu ya mashamba na vibarua, na gazeti la shule lilikuwa la serikali, wala halikuweza kuishitaki serikali iliyolilisha. Mtu akitaka kujua jinsi kibarua fulani alivyokufa shambani siku zile, asome yote mawili, kisha akumbuke kwamba kibarua mwenyewe hakuwa na gazeti.

Vivyo hivyo kwa habari za vita vya mwaka 1888 na 1889. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka 1889. Magazeti ya Ulaya yalimwita mwuaji na mfanya biashara ya watumwa. Kweli, watu wa upande wake walimwaga damu: misioni ya Pugu ilishambuliwa Januari 1889, na wamisionari wakauawa, nalo ni jambo la kusikitisha lisilofichika. Lakini magazeti yaliyoyaandika majina ya Wazungu waliokufa hayakuandika majina ya watu wa mrima waliokufa kwa mizinga ya manowari. Ni Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa pwani yetu, aliyetunga utenzi juu ya vita hivyo vya Wadachi, nao ulipigwa chapa kitabuni mwaka 1955. Naye pia ana upande wake, kama kila shahidi. Lakini mtu aliyesoma magazeti bila kuusoma utenzi amesikiliza mdai bila mdaiwa.

Basi tumefanya maswali manne, nasi twawapa wasomaji wetu wayaweke akilini kama vipimo vya dukani.

La kwanza: mwandishi alijuaje? Alikuwapo, au aliambiwa? Na aliyemwambia alikuwapo? Neno "inasemekana" ni kama nyumba isiyo na mlango. Wasikia sauti ndani, wala humwoni msemaji.

La pili: mashahidi ni wangapi kweli kweli? Torati yataka mashahidi wawili au watatu. Magazeti matatu yaliyonakili barua moja ni shahidi mmoja. Danieli, katika ile hadithi ya Susana, hakuwaamini wazee wawili kwa kuwa ni wawili, aliwatenga, akamwuliza kila mmoja, "Chini ya mti gani?" Nasi tuyatenge magazeti namna hiyo, tuone kama miti yao ni mmoja.

La tatu: nani afaidika habari ikiaminiwa? Musa alitafuta ujira. Peters alitafuta kulinda cheo. Mwenye kuuza magazeti hutafuta wanunuzi, na damu huuza kuliko mvua.

La nne: habari iliishia wapi? Gazeti hupenda mwanzo wa kesi. Siku ya kukamatwa mtu, jina lake hupigwa chapa kwa herufi kubwa. Siku ya kuachiliwa, pengine hakuna hata mstari mmoja. Kwa hiyo asomaye gazeti la zamani na atafute la mwezi uliofuata, na daftari la mahakama kama lipo, na wazee wanaokumbuka.

Siku ya nane tulirudi barazani. Tulikisoma kile kipande cha gazeti kwa sauti, pole pole, neno kwa neno. Kikasema kwamba mtu wa kijiji kile ameonekana amekufa karibu na mto. Na kwamba inasemekana alikuwa na ugomvi wa shamba. Na kwamba mtu mmoja, likatajwa jina la babu wa kijana, amekamatwa na kupelekwa mjini akahojiwe. Basi. Karatasi ikaishia hapo. Tukauliza, "Alihukumiwa?" Mjomba akasema hajui. Tukauliza, "Alirudi?" Bibi mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hakuna aliyemwuliza kwa miaka yote, akasema: "Alirudi baada ya mavuno. Alilima hapa mpaka akafa, na ndugu ya marehemu alimchimbia kaburi. Mimi nilipika chakula cha matanga."

Hatukusema kwamba babu yule hakuwa na hatia, sisi hatukuwapo. Tulisema tu kwamba ile karatasi haisemi alichosemeshwa na mjomba, na kwamba bibi yule ni shahidi wa jambo aliloliona kwa macho yake: mtu aliachiliwa, na jamaa ya marehemu walikula naye. Mjomba alikaa kimya kitambo. Kisha akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni, akasema hatazuia tena, ila asiombwe kucheza ngoma. Wakamkubalia. Ndoa ikatangazwa.

Watu hupenda kusema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ni nzuri kwa mambo ya mvua na ya bei ya nazi. Kwa mambo ya damu ni mbaya, kwani lililosemwa juu ya Livingstone mwaka 1867 halikuwapo, wala halikuja. Ndugu wasomaji, yatunzeni magazeti ya zamani, msiyafungie samaki. Lakini kabla ya kumtundikia mfu neno la kuua, tafuteni kwanza yule bibi aliyekaa nyuma, mkamwulize.